Hidrojeni ya jiwe ao ya jasho? Namna leza inatofautisha

Mjomba yangu anachimbaka madini kwa mkono huku kwetu Kongo, na siku moja alinipigia simu akiwa depo, pale wanaponunua madini, barabara ya Likasi, sauti imepanda mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kile kimashine cha kupima, kile cha mfano wa bastola, kilikuwa kimetoa tenere ya shaba (kiasi cha shaba ndani ya jiwe) vizuri tu, shida ilikuja pale mnunuzi aliposema mzigo uko na maji, akakata asilimia 12 ya imidite, yaani unyevu, juu ya kilo, hivi hivi kwa macho. Mjomba akaniuliza: weye ulisoma shimi (kemia), niambie ukweli, hii kimashine inaonaka maji? Nikamjibu hapana mjomba, haionaki kabisa, maji ni hidrojeni na oksijeni, na bastola ile haina macho ya vitu vyepesi hivyo. Akasema basi kuko kimashine gani inaonaka? Nikasema kuko, ila si ya depo, inatumia leza. Hapo yuniti zikaisha na simu ikakatika, lakini swali likabaki kwangu.

Tuanze na kile cha depo. Kinatupa eksirei kwenye jiwe, eksirei inang'oa elektroni moja ya ndani kabisa ya atomu, elektroni ingine ya juu inashuka kuziba pengo, na kwa kushuka inarusha eksirei yake yenye alama: hii ni shaba, hii ni kobalti. Sasa hidrojeni iko na elektroni moja tu. Moja! Ukiing'oa hakuna ingine ya kushuka, kwa hiyo hakuna alama, kimashine kinabaki kipofu. Lithiamu iko na tatu, lakini eksirei yake ni dhaifu mno, inamezwa njiani kabla ya kufika. Njo maana kwenye lithiamu kama ile ya Manono bastola ya eksirei haikusaidii kupima lithiamu yenyewe, unahitaji ya leza ao unapeleka labo.

Leza inafanyaje? Umeshaona mchuzi wenye chumvi ukimwagikia mbabula, lile jiko la makala, moto unageuka manjano kali? Ile ni sodiamu ya chumvi inajitaja jina. Na wale vijana wanaochoma nyaya kutoa plastiki ili wabaki na shaba, moto wao unaingia kijani na buluu, ile ni shaba inajitaja. Leza ni mchezo ule ule, ila bila makala (ya kupikia nasema, si haya unayosoma). Mpigo mmoja wa leza unadumu nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, unakusanywa na lenzi kwenye doa dogo kuliko kichwa cha sindano, na pale jiwe haliwaki, linalipuka. Kipande kidogo sana kinageuka mvuke, mvuke unageuka plazma, ule moto ambamo elektroni zimeachana na atomu zao, na joto linapita digrii 10,000, juu ya joto la uso wa jua. Plazma ikianza kupoa, kila atomu inatoa rangi zake. Unakusanya mwanga, unaupitisha kwenye kifaa cha kuutawanya kama upinde wa mvua, unasoma mistari. Hidrojeni inajitaja kwa mstari mwekundu kwenye nanomita 656.28, njo urefu wa wimbi la mwanga wake. Ukiuona huo, iko.

Na si lazima uligombanie maji. Malakiti yetu, lile jiwe la kijani ambalo watalii wananunua limechongwa tembo na sanduku za pete, liko na hidrojeni ndani ya mwili wake, karibu asilimia 0.9 ya uzito kama ni safi. Heterojenaiti, ile nyeusi ya kobalti, iko na asilimia 1 na kidogo. Hii si maji ya mvua. Ni hidrojeni iliyofungwa na oksijeni ndani ya kristali, haitoki ukianika juani, hata tanuri ya labo ya digrii 105 haiitoi.

Hapa niseme aibu ya familia. Baada ya ile simu mjomba aliamua kupima imidite mwenyewe, akapima kilo moja ya mzigo, akaiweka kwenye sufuria kuukuu juu ya mbabula, akapepea makala kama mtu anayechoma mahindi. Akanipigia tena: weye, imepoteza zaidi ya gramu 200, yule mtu wa depo alikuwa ananihurumia! Nikamuuliza mjomba, jiwe liko rangi gani sasa? Nyeusi. Basi ameliua. Malakiti ikifika kama digrii 300 inavunjika, inatoa maji yake ya ndani pamoja na gesi ya kaboni, inabaki oksidi ya shaba nyeusi, na ikiwa safi kabisa inapoteza asilimia 28 ya uzito. Hakupima mvua, alipima jiwe. Na leza nayo, uielewe vizuri hii, ingeona hidrojeni zote mbili, ya mvua na ya kristali, na mstari ungekuwa ule ule mmoja. Kuona hidrojeni ni rahisi, kujua ni ya nani njo kazi.

Njo pale isotopi zinaingia, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti.

Hidrojeni ni ndugu watatu wa tumbo moja. Mkubwa kwa wingi ni protiamu, kiini chake ni protoni moja peke yake. Wa pili deuteriamu, protoni na nyutroni moja, uzito mara mbili. Wa tatu tritiamu, protoni na nyutroni mbili, na huyu ana ugonjwa, anaoza kwa mionzi, nusu yake inakwisha kila miaka 12.3. Kwa shimi wanafanana sana, wanaungua vile vile, wanafanya maji vile vile. Deuteriamu iko kila mahali: kwenye maji ya kawaida ni kama atomu 156 katika kila milioni ya hidrojeni, kwa hiyo ile bido ya njano ya lita 20 unayochota asubuhi Katuba iko na deuteriamu karibu gramu 0.7 ndani, umeibeba kichwani maisha yote bila kujua.

Sasa mbona mwanga uwatofautishe kama elektroni yao ni ile ile moja? Fikiria mama anamshika mtoto mikono miwili anamzungusha hewani. Mtoto anazunguka, lakini mama naye hasimami kama nguzo, anayumba kidogo kwa sababu mtoto anamvuta. Mama mzito hayumbi sana kama mama mwepesi, na mzunguko wa mtoto unabadilika kidogo. Elektroni ni mtoto, kiini ni mama. Protoni ni nzito kama mara 1,836 kuliko elektroni, kwa hiyo kuyumba ni kudogo, lakini ukiongeza nyutroni moja mama amekuwa mzito mara mbili kwa mpigo mmoja, na hakuna elementi ingine duniani ambapo nyutroni moja inaleta tofauti ya namna hiyo. Mstari mwekundu wa deuteriamu unasogea kwenda 656.10, wa tritiamu 656.04. Yaani nanomita 0.18 kati ya wa kwanza na wa pili, 0.06 kati ya wa pili na wa tatu. Utasema hii ni nini, ni kitu cha kuhesabu? Kwa watu wa spektra, wale wanaosoma mistari ya mwanga, ni uwanja mpana. Urani, ile ambayo mgodi wetu wa Shinkolobwe ulijulikana nayo, isotopi zake 235 na 238 kwenye mstari mmoja unaotumika sana zinaachana kwa nanomita 0.025 tu, na lithiamu 6 na 7 kwa 0.016 hivi.

Tena deuteriamu yenyewe ilikamatwa hivyo hivyo. Mwaka 1931 Harold Urey na wenzake kule Marekani walichukua hidrojeni ya maji maji, ile iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, wakaiacha ivukize pole pole mpaka ikabaki kidogo, wakijua ile nyepesi itatangulia kutoroka, halafu wakaiwasha na kuangalia mistari, na kando ya mstari wa hidrojeni wakaona mstari mwingine mdogo umekaa pale pale hesabu ilisema ungekaa. Mwaka 1934 Urey akapewa Nobel ya shimi.

Basi kazi imekwisha? Hapana bwana, hapo njo inaanza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu makala mengi yanarukaka hii. Urey alikuwa na gesi imetulia ndani ya bomba la kioo. Weye uko na jiwe ao chuma, na ili uione hidrojeni yake umelipua. Sasa usiku ukisimama kwenye barabara ya Kasumbalesa kiangazi, lori likija kwa mbali, unaona taa mbili? Unaona mwanga mmoja umevimba kwenye vumbi. Mpaka likaribie njo taa zinaachana. Plazma ni ile vumbi. Imejaa elektroni na ioni (atomu zilizopoteza elektroni) zinazokimbia huku na huku, kila moja na umeme wake, na atomu ya hidrojeni inasumbuliwa na umeme huo kuliko karibu atomu zote, inasukumwa, mstari wake unatanuka. Mwanzoni mwa mlipuko, kwenye hewa ya kawaida, mstari unaweza kuwa na upana wa nusu nanomita ao zaidi, na weye unatafuta taa mbili zilizoachana kwa 0.18! Huoni kitu, unaona kilima kimoja chekundu.

Ongeza na mwendo. Atomu nyepesi inakimbia sana kwenye joto, na ile inayokuja kwako mwanga wake unasogea upande huu, inayoenda upande ule, kama honi ya lori inavyobadilika sauti ikikupita. Kwa digrii 10,000 hiyo peke yake inatanua mstari wa hidrojeni kama 0.05, karibu sawa na nafasi yote iliyo kati ya deuteriamu na tritiamu. Kwa hiyo hata ukinunua kifaa cha kutawanya mwanga cha bei kali namna gani, kama plazma yako ni chafu, pesa imepotea. Wengi wanafikiri ukubwa wa leza njo unaamua, mi naona subira njo inaamua.

Subira kwa maana yenyewe: kamera inafungwa macho wakati wa mlipuko, inafunguliwa baada ya maikrosekunde moja, mbili, kumi, pale plazma imeshatanuka na kupoa, msongamano umeshuka, mistari imekonda. Bei yake ni mwanga, ukingoja sana hakuna kitu cha kuona. Njia ya pili ni kupunguza hewa: unaweka kipande ndani ya chumba, unanyonya hewa mpaka ibaki kidogo, ao unaijaza heliamu ao argoni kwa presha ya chini, plazma inapanuka haraka inakuwa nyembamba. Kuna jambo la kuchekesha hapa, kigari cha Curiosity kilichotua Mars mwaka 2012 kiko na leza ya namna hii, inapiga mawe mpaka umbali wa mita 7, na hewa ya Mars ni nyembamba mno, chini ya asilimia 1 ya hii yetu, kwa hiyo kule hidrojeni ya udongo ilionekana vizuri bila mtu kununua pampu.

Njia ya tatu mi naipenda kuliko zote. Badala ya kusoma atomu, unasubiri zaidi mpaka plazma ipoe kiasi cha atomu kuanza kushikana, hidrojeni inashika oksijeni, zinafanya OH, na deuteriamu inafanya OD. Molekuli inatetema na kuzunguka, na kwa kutetema uzito unahesabika sana, kama mtu na mzigo kwenye springi, kwa hiyo mistari ya OH na OD, kule kwenye nanomita 306 mpaka 309 ambako jicho letu halifiki, inaachana mara kadhaa zaidi ya ile ya atomu. Hata hewa ya kawaida inavumilika. Ubaya wake ni kwamba molekuli inatoa msitu wa mistari, si mmoja, na lazima kompyuta iulinganishe wote na hesabu.

Na ya nne, unaacha kungoja plazma iseme, unaiuliza. Leza ya kwanza inalipua, leza ya pili, ndogo, yenye rangi moja safi inayogeuzwa geuzwa taratibu kuzunguka 656, inapita ndani ya wingu lililopoa, na unapima wapi mwanga wake umemezwa ao wapi wingu limewaka tena kwa sababu yake. Kwa njia hii unaweza kusoma wingu likiwa limechelewa na kukonda sana, saa ambayo lenyewe halitoi tena mwanga wa maana. Kuna mtego: ili imeze mwekundu huo hidrojeni lazima iwe tayari imepandishwa ngazi moja juu, na ngazi hiyo ni ndefu, elektronivolti 10.2, kwa hiyo ukichelewa mno hakuna iliyobaki juu.

Nani anahitaji shida yote hii? Wa kwanza ni watu wa muungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomu, wale wanaotaka kuwasha jua ndani ya chupa. Mafuta yao ni deuteriamu na tritiamu. Mashine ya JET kule Culham, Uingereza, mwaka 2023 ilitoa megajuli 69 kwa mafuta ya miligramu 0.2 tu, halafu mwezi wa 12 mwaka ule ule ikazimwa moja kwa moja. Ila mafuta hayo hayakai yote katikati, mengine yanajizika kwenye kuta. Tritiamu ni ya mionzi na ni adimu, na kwenye mtambo wa ITER unaojengwa Ufaransa kuna kikomo cha gramu 700 za tritiamu zinazoruhusiwa kunasa ndani. Sasa utahesabuje kilichonasa kwenye ukuta bila kubomoa ukuta? Unaupiga na leza, mahali hapa, mahali pale, mpigo juu ya mpigo, kila mmoja unachimba kidogo kwenda chini, na kila mmoja unakuambia kuko nani kina hiki na kwa kiasi gani. Njo maana wanagombana na ile nanomita 0.06 kati ya deuteriamu na tritiamu.

Wa pili ni watu wa vinu vya nyuklia vya kawaida. Mabomba yanayofunika urani ni ya zirkoni, na zirkoni ndani ya maji ya moto inakunywa hidrojeni pole pole miaka nenda rudi, mpaka hidrojeni inajitenga kama vipande vigumu ndani yake na bomba linakuwa la kuvunjika kama biskuti. Na sisi Wakongo hatuna haki ya kushangaa hidrojeni ndani ya chuma, kinu cha TRICO kule Kinshasa, cha kwanza Afrika, mwaka 1959, mafuta yake yalikuwa urani iliyochanganywa na zirkoni iliyoshibishwa hidrojeni makusudi, kwa sababu hidrojeni hiyo ikipata joto inasaidia kinu kujipunguza nguvu chenyewe.

Wa tatu ni sudere, mchomelea vyuma wa mtaani kwako, hata kama hajui. Bageti, zile fimbo za kuchomelea, zikila unyevu wa masika, moto wa kuchomelea unavunja maji yale, hidrojeni inaingia kwenye chuma kikiwa cha moto, chuma kikipoa inabanwa, na kesho ao kesho kutwa, lango limeshalipwa, ufa unatokea kando ya mshono. Yule mzee anayekausha bageti kabla ya kazi, wanamcheka anapika bageti, anapigana na atomu.

Turudi sasa kwenye lile swali la nani mwenye hidrojeni, kwa sababu labo nzuri inaweza kukudanganya hapa kuliko depo. Hidrojeni iko kwenye hewa, kwenye kidole chako, kwenye mafuta ya pampu, kwenye alkoholi uliyopangusia kipande. Mipigo ya kwanza ya leza karibu kila mara inaonyesha hidrojeni nyingi, na wengi wanafurahi, kumbe ni jasho. Lazima upige kadhaa usafishe kwanza, halafu uhesabu zinazofuata, na uwe na vipande vingine ambavyo hidrojeni yake ilipimwa kwa njia ya zamani, ya kuyeyusha chuma na kukusanya gesi, ili ujue mwanga wa kiasi hiki ni hidrojeni ya kiasi gani ndani ya chuma cha aina hii, si cha aina ingine. Hata ndugu wenyewe hawaendi pamoja: wingu likitanuka ile nyepesi inatangulia mbele, nzito inabaki nyuma, kwa hiyo ukiangalia upande mmoja tu wa wingu utapata hesabu ya familia isiyo ya kweli.

Na kuko ujanja mmoja ambao hata mjomba aliuelewa mara moja nilipomweleza. Kama unataka kujua hidrojeni inaingiaje kwenye chuma, usiweke hidrojeni, weka deuteriamu. Chomelea ao loweka kwa maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ni deuteriamu. Hewa na jasho haviko na deuteriamu ya maana, kwa hiyo chochote utakachokiona kwenye 656.10 ni chako, umekitia weye. Akasema: aa, ni kama kupaka rangi kwenye mafuko yangu pale depo ili yasichanganyike na ya watu. Kabisa mjomba. Hakuna profesa aliyenieleza vizuri hivyo.

Kuhusu imidite yake, hatukutumia leza. Nilichukua kilo ingine, mbichi, nikaiweka usiku mzima kwenye tanuri ya labo, digrii 105, asubuhi ikawa bado ya kijani na imepoteza gramu 74. Mjomba akabeba karatasi yangu mpaka depo. Mnunuzi akaisoma, akaikunja, akamwambia Papa, hiyo ni imidite ya jana, leo mvua imenyesha.